UZI: Sweta la sufu halijaharibika lenyewe. Soma kabla hujanirudishia

MasweterToi (mwanzisha uzi)

Wanajukwaa, hamjambo. Julai imefika na baridi ya Nairobi haina adabu. Kibandani kwangu kwenye soko la mitumba la Toi siku hizi wateja ni wa aina mbili: anayekuja kununua sweta na anayekuja kurudisha. Huyu wa pili anafika amenuna, anafungua mfuko, anatoa kitu kinachomtosha mtoto wa nasari, kizito, kigumu, mikono imepanda hadi kwenye kiwiko. "Mathe, uliniuzia kitu feki." Nakishika, nakinusa. Maji moto, sabuni ya unga, brashi. Sweta lilikuwa zima, tena la kamera, lilichaguliwa mapema kabisa robota likifunguliwa.

Nimechoka kueleza jambo moja kwa mdomo kila siku. Naliandika hapa, na atakayerudisha nitamtumia kiungo.

Jueni kwanza mnachofua. Nguo nyingi mnazoziita za sufu ni akriliki, yaani plastiki: sare za shule, marvini, shuka la Kimaasai la siku hizi, hata uzi mwingi wa kufuma unaouzwa pale Biashara Street. Hizo pigeni brashi mkitaka. Sufu ni nywele za mnyama, ni keratini ile ile ya nywele zako na kucha zako. Lebo ikiwa na Wool, Lambswool au Merino, ni kondoo. Cashmere na Mohair ni mbuzi, Angora ni sungura. Ile alama ya Woolmark ya mistari iliyojiviringisha, ambayo imekuwapo tangu 1964, ukiiona tulia, hiyo ni sufu.

Lebo ikiwa imekatwa, na robota nyingi huja hivyo, chomoa kauzi kadogo ndani ya mshono ukachome kwa kiberiti juu ya sinki. Sufu inawaka kwa kusitasita, inanuka nywele zilizoungua, ukiondoa moto inazima yenyewe, na jivu lake linasagika kwa vidole. Akriliki inawaka kwa pupa, inayeyuka, na inaacha kidonge cheusi kigumu. Kidonge hicho usikiguse upesi, kinachoma na kinang'ang'ania ngozi.

Sasa kwa nini inanywea. Unywele wa sufu ukiutazama kwa hadubini una magamba, yamepandana kama vigae vya paa, yote yanaelekea upande mmoja. Nguo ikilowa magamba yanainuka kidogo. Ukiifikicha, kila unywele unasogea kuelekea upande wa mzizi wake, na magamba ya jirani yanauzuia kurudi. Unaendelea kufikicha, unaendelea kusogea. Mwisho umetengeneza zulia dogo lenye mikono miwili. Joto na sabuni kali vinaharakisha, lakini anayemaliza kazi ni msuguano.

Na jambo ambalo wateja wangu hawataki kusikia: mnafua sana. Sweta la sufu lililovaliwa juu ya shati halina haja ya kufuliwa kila wiki. Sufu inavuta unyevu na harufu, kisha inaachilia ikipata hewa. Ukivua jioni, usilirudishe kabatini likiwa na joto la mwili. Lilaze juu ya kiti karibu na dirisha mpaka asubuhi. Vumbi ligonge kwa brashi laini ya nguo. Doa la chai lifute hapo hapo kwa kitambaa chenye maji. Kufua ni pale linaponuka hata baada ya kupumzishwa, au msimu ukiisha na unataka kuliweka. Mimi langu la kazini, na Toi mnaijua vumbi lake, halioni beseni mara nyingi kwa mwaka na hakuna mteja amewahi kuziba pua.

Siku ya kufua ikifika, nafanya hivi. Kabla ya maji nalilaza sweta juu ya karatasi ya kaki nazungushia kalamu: mabega, mikono, urefu. Halafu maji ya uvuguvugu hafifu, ambayo ukitia kiwiko huhisi moto wala baridi. Anayependa vipimo aweke digrii 30 au chini. Shampuu ya watoto, kifuniko kimoja kwa beseni, ikorogwe kwanza ndipo nguo iingie, imegeuzwa ndani nje. Ninaibonyeza izame, naachia, nabonyeza tena, natoa mikono. Dakika kumi. Kwapa na kola napaka tone la shampuu kwa kidole na kugongagonga.

Watu wanaliulia wakati wa kulitoa. Usilinyanyue kwa mabega likining'inia. Limekunywa maji, ni zito, na sufu iliyolowa ni dhaifu kuliko kavu, kwa hiyo litavutika kwa uzito wake lenyewe na utapata gauni. Lisukume ukutani mwa beseni, inamisha beseni maji yatoke, libonyeze hapo hapo. Suuza kwa maji ya joto lile lile mpaka povu liishe. Kusongoa ni mwiko. Tandaza taulo kavu, laza sweta, viringisha vyote pamoja, kisha piga goti juu yake kutoka mwisho hadi mwisho. Utashangaa taulo lilivyolowa. Baada ya hapo nalirudisha juu ya ile karatasi, nalivuta taratibu lifikie mstari, halafu nalihamishia kwenye taulo jingine kavu kivulini. Kamba hapana. Jua la saa sita hapana pia. Tuko karibu mita 1,700 juu ya bahari, jua letu linapausha rangi, na sufu nyeupe linaifanya ya manjano.

Maswali karibuni. Matusi mtaniletea kibandani.

KijanaWaRoysambu

Umechelewa mama. Mama fua wangu alipitia sweta langu wiki jana. Sasa hivi linavaliwa na paka wa caretaker.

MasweterToi

Pole. Lakini hebu niulize: ulimpa likiwa peke yake ama lilikuwa katikati ya jinzi na mashuka? Mama fua analipwa kwa mzigo, ana nyumba nyingine ya kufika kabla ya saa sita, na hakuna aliyemwambia. Mwekee kando, au lifue mwenyewe. Kumtupia lawama ni kumwonea.

KijanaWaRoysambu

Lilikuwa katikati ya jinzi. Nimekaa.

DobiMstaafu

Salamu kwa wote. Nimefanya kazi miaka mingi kwenye chumba cha kufulia cha hoteli moja hapa mjini, kwa hiyo naomba nimsahihishe dada kidogo, kisha nimuunge mkono kwa mengine.

Watu wanatishwa sana na maji moto. Viwandani sufu inatiwa rangi kwenye maji yanayokaribia kuchemka na haigandamani, kwa sababu joto linapandishwa polepole na kitambaa hakitikiswi ovyo. Balaa ni kuitoa kwenye maji ya uvuguvugu na kuitumbukiza ghafla kwenye maji baridi ya bomba huku unaifikicha. Mtu akiniambia nyumbani kwake maji ni baridi tu, namwambia fua kwa hayo hayo baridi, mwanzo hadi mwisho, ila shampuu uiyeyushe vizuri.

Sabuni ndiyo watu hawaitilii maanani. Sabuni ya kipande na nyingi za unga zina alkali, na sufu na alkali ni maadui wa jadi: nyuzi zinakuwa kavu, zinakwaruza. Zile za unga zinazosifiwa kwa kuondoa madoa ya damu na mayai zina vimeng'enya vya kutafuna protini. Sasa sufu ni nini kama si protini? Haitatoboka siku hiyo, lakini kila ukirudia unaipunguza. Mkono ukiteleza ukatumia sabuni kali, weka kijiko kikubwa cha siki nyeupe kwenye maji ya mwisho ya kusuuza. Harufu itaondoka nguo ikikauka.

Jik na chochote chenye klorini kisikaribie kabisa. Asiyeamini akate uzi wa sufu autie kwenye kikombe chenye Jik kidogo, dirisha likiwa wazi. Utaanza kuona vipovu, unageuka manjano, unalegea, na ukirudi baadaye kikombe kina maji tu. Njia hiyo pia inatambua sufu, maana akriliki na pamba zitabaki zinakutazama.

Kuhusu kukamua: wenye mashine ya matanki mawili wasiogope lile tangi la kukamulia. Nguo inabanwa ukutani na kuzunguka nalo, haisuguani na chochote. Iweke ndani ya foronya, dakika moja inatosha, itatoka haichuruziki. Tangi la kufulia ndilo usiliguse, ni msuguano mtupu. Na lebo ikisema inafulika kwa mashine, hiyo sufu imeshughulikiwa kiwandani ili magamba yasishikane, lakini bado tumia ule mzunguko wa sufu wenye maji ya joto la chini.

Kanzu za sufu, makoti yenye bitana na pedi za mabega, acheni ushujaa. Sufu ya nje na bitana ya ndani hazinywei kwa kipimo kimoja, utapata koti lenye mikunjo ambayo hakuna pasi itakayoitoa. Pelekeni draiklina.

MasweterToi

Dobi, nimekubali la joto. Ila nikiwaambia wateja wangu "maji moto si tatizo" watasikia maneno mawili ya kwanza tu.

DobiMstaafu

Hapo umesema kweli.

HesabuKwanza

Samahani kwa kuharibu sherehe. Taulo mbili, shampuu ya mtoto, karatasi ya kaki, siki... hii ni nguo au mgonjwa? Nyinyi matajiri wa Karen endeleeni. Mimi nanunua fulana nzito ya flisi, naitupa kwa ndoo na sabuni ya unga, kesho naivaa.

BodaKinoo

Mimi si wa Karen, niko kwa boda, stage ya Kinoo, naanza saa kumi na moja asubuhi. Flisi nilikuwa nayo. Ikinyeshewa inashika mwili kama haipo, na baada ya siku mbili za jasho abiria anakaa mbali nawe kwa pikipiki, na hakuna mahali pa kukaa mbali. Niliponunua sweta la sufu la kuvaa chini ya jaketi nilinyamaza. Manyunyu ya asubuhi yakiingia kwa kola bado niko joto. Hesabu yako iangalie vizuri boss.

MasweterToi

Sufu inaweza kubeba maji ya karibu theluthi ya uzito wake kabla hujahisi imelowa. Ndiyo maana Boda anapona. Na Hesabu, flisi ikirukiwa na cheche ya jiko inayeyuka mwilini. Sufu inaungua pale pale na kuzima. Wanaopika kwa mkaa wanajua nasema nini.

HesabuKwanza

Sawa. Bei ya jioni ni ngapi hapo Toi?

Bedsitter_Pipeline

Mimi nina maswali ya watu wa chini. Moja, nyumba yangu ni chumba kimoja, hakuna balkoni, kamba ziko juu ya paa na nguo zinaibiwa. Hilo taulo la kulazia nalilaza wapi, juu ya kitanda nilale wapi? Mbili, maji ya bomba yanakuja siku zake, siku nyingine ni ya kisima, yana chumvi mpaka chai inakataa. Kusuuza mara tatu ni anasa.

DobiMstaafu

La maji kwanza. Maji yenye chumvi na sabuni ya kipande hutoa utando mweupe unaoganda kwenye nyuzi. Shampuu haifanyi hivyo kwa wingi, ndiyo sababu nyingine ya kuitumia. Weka kidogo kuliko unavyofikiri: povu likiwa haba, kusuuza mara moja au mbili kunatosha. Fua siku ya maji ya bomba, hata kama ni saa tano usiku. Na maji ya kusuuzia usiyamwage, yana shampuu kidogo tu, yafulie soksi au yamwage chooni.

BodaKinoo

Ya kulazia: kreti mbili za soda, juu yake ule wavu wa dirisha wa kuzuia mbu uliobaki, ukazwe kwa misumari kwenye fremu ya mbao. Fundi wa mtaani anatengeneza. Mchana unaisimamisha nyuma ya mlango, usiku unalaza sweta hapo. Hewa inapita juu na chini, linakauka haraka kuliko kwa taulo. Langu liko juu ya kabati, karibu na dari ambako kuna joto.

MasweterToi

Hii ya wavu naiiba. Nitawaambia wateja ni yangu.

ShoshWaLimuru

Wajukuu wangu, mjukuu mmoja ndiye ananiandikia hapa, mimi nasema yeye anabonyeza. Nimesikia masweta masweta. Na blanketi je?

Mimi nina blanketi la Raymond, lile la Eldoret, zito, lina mistari. Huku kwetu ukungu ukiinuka tunatoa mablanketi nje, tunatandaza juu ya ua, upande huu kisha upande ule, tunayapiga kwa fimbo ya mti laini mpaka vumbi liache kutoka. Jioni kabla ya umande tunayarudisha ndani, umande ukiyakuta umefanya kazi bure. Maji ni Januari au Februari, wakati ambao kuna jua na upepo mkavu. Mtu anayefua blanketi mwezi wa Julai anatafuta blanketi linuke kwapa la mbuzi.

Na huyo aliyesema Wool ni kondoo, si kondoo yeyote. Dorper na kondoo wa Kimaasai ni wa nyama, manyoya yao ni mafupi, hayafumwi. Wa sufu ni Merino na Corriedale, mtawakuta Molo, Mau Narok na Timau kwenye baridi. Nimewahi kushika sufu iliyotoka kukatwa: mikono inabaki na mafuta kama umepaka losheni.

KijanaWaRoysambu

Shosh hajambo. Nani amemwambia hii forum ipo?

ShoshWaLimuru

Mjukuu. Na hajambo yuko, anakusikia.

DobiMstaafu

Shosh, heshima. Ulivyosema ndivyo. Nitaongeza kwa wale wasio na ua wala Januari ya kusubiri, mtoto amekojoa usiku na blanketi ni la sufu.

Mkojo: usilitumbukize lote. Weka taulo chini ya sehemu iliyolowa, taulo jingine juu, kandamiza. Kisha mimina maji baridi kidogo kidogo pale pale, kandamiza tena, rudia mpaka harufu ipungue. Malizia na maji yenye siki kidogo. Sehemu hiyo tu ndiyo ikauke. Usipofanya upesi mkojo unabadilika kuwa alkali, na nilishasema habari ya alkali.

Likihitaji kufuliwa lote, mahali ni bafu au lile karai kubwa la sherehe. Tandaza kwanza shuka la pamba ndani ya bafu, ncha zikining'inia nje, ndipo uweke maji, shampuu na blanketi lililokunjwa mara mbili. Bonyeza kwa viganja vilivyofunguliwa. Wengine hukanyaga kwa miguu. Usifanye, ni njia ile ile ambayo watu wa kale walitumia kugandamanisha sufu makusudi. Ukimaliza kusuuza, acha maji yote yatoke, libonyeze likiwa chini, halafu watu wawili wanyanyue lile shuka kwa ncha nne. Blanketi halivutiki kwa sababu uzito umebebwa na shuka. Lilaze kwenye benchi la mbao zilizoachana lichuruzike saa kadhaa. Baada ya hapo, kamba mbili au tatu sambamba, blanketi lipite juu ya zote, uzito ugawanyike. Kamba moja katikati itaacha mfereji usioondoka. Ligeuze asubuhi na jioni. Likikauka lipige brashi kuelekea upande mmoja, litainuka tena laini.

MamaMapacha

Asanteni kwa uzi. Swali langu ni la matundu. Nimetoa shali ya cashmere niliyozawadiwa harusini, ina vitundu vitano hivi, vidogo, kama imetobolewa na sindano ya moto. Kabati limejaa zile tembe nyeupe za naftalini na bado. Niongeze?

MasweterToi

Usiongeze, nitakueleza. Nondo unayemwona akiruka hali kitu; hana hata mdomo wa kufaa. Anayekula ni buu lake, lile jeupe dogo linalojificha kwenye mkunjo na kuacha vumbi na utando. Linapenda giza na utulivu, na linapenda zaidi nguo yenye jasho na mchuzi kuliko iliyo safi. Ndiyo maana nilisema msimu ukiisha fua ndipo uweke.

Toa kila kitu kabatini. Fagia nyufa na pembe za mbao, mayai yako huko. Shali ipeleke juani kwa saa moja, ikung'ute, ipige brashi pande zote mbili. Mabuu yanakimbia mwanga na yanaanguka. Kisha ikunje ndani ya mfuko uliozibwa, itie friza ya kweli ya digrii 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Kile kijumba cha barafu ndani ya friji ndogo hakifiki huko. Mwombe jirani mwenye duka la nyama au aiskrimu, ila funga vizuri. Ikitoka usiifungue mpaka ifikie joto la chumba, maana unyevu utatua juu ya sufu badala ya juu ya mfuko.

Kuhifadhi ni ndani ya foronya ya pamba iliyofungwa, imekunjwa, isitundikwe. Hanga zinaacha masikio mabegani. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku 2017 watu wameacha kufungia nguo humo na sufu imeshukuru, inapumua.

ShoshWaLimuru

Sisi tunaweka vipande vya mtarakwa kwenye sanduku. Na leleshwa, kile kichaka chenye majani ya kunukia, kutoka kwa jamaa wa Narok.

MasweterToi

Vinanukia vizuri Shosh, na nondo hawaipendi harufu ikiwa mpya. Lakini ikififia wanarudi. Mtarakwa ukwaruze kwa msasa kila baada ya muda ili mafuta yatoke upya.

NesiWaZamu

Nilikuwa nasoma kimya. Kwa MamaMapacha, na kila mwenye mtoto mchanga: zile tembe za naftalini zitoeni kwenye nguo za watoto leo. Kuna hali ya kurithi inayoitwa upungufu wa G6PD, iko kwa wingi katika jamii zilizoishi na malaria kizazi hadi kizazi, kama kwetu Nyanza, Magharibi na Pwani. Inawapata zaidi wavulana na wazazi wengi hawajui mtoto anayo. Mtoto kama huyo akifungwa blanketi lililokaa na naftalini, mvuke wake unaweza kuvunja chembe nyekundu za damu. Anageuka manjano macho na ngozi, anaacha kunyonya, na manjano ikipanda sana kwa mtoto mchanga inaweza kudhuru ubongo. Ukiona hivyo usisubiri kesho, nenda hospitali, na umwambie daktari kuhusu naftalini.

Nguo ambazo tayari zina harufu hiyo, anika nje kwenye upepo mpaka harufu iishe kabisa, kisha ufue, ndipo afungwe. Na wale wanaoweka tembe hizo kwenye sinki na droo za chini, mtoto anayetambaa anaziona peremende.

MamaMapacha

Mungu wangu. Nimeziondoa zote sasa hivi, ziko nje ya mlango. Mapacha wana miezi minne. Asante sana dada.

NesiWaZamu

Mimi ni kaka, lakini karibu.

BodaKinoo

Nami niulize bila aibu. Mitumba na kunguni. Shangazi yangu anachemsha kila kitu kinachotoka Gikomba kabla hakijaingia nyumbani. Sweta la sufu nitalichemshaje?

DobiMstaafu

Usichemshe. Kunguni hali sufu, anasafiri tu kwenye mishono. Kagua mishono na chini ya kola kwenye mwanga mkali, tafuta madoa meusi madogo. Friza ile ile ya digrii 18 chini ya sifuri inamuua pamoja na mayai ikiwa nguo itakaa siku nne kamili au zaidi. Shangazi aendelee kuchemsha mashuka ya pamba, hapo hajakosea.

KijanaWaRoysambu

Turudi kwa paka. Sweta langu haliokoki kabisa?

MasweterToi

Inategemea. Livute kwa mikono: ukiona bado vishono vimoja vimoja vya kufuma, kuna matumaini kidogo. Loweka nusu saa kwenye maji ya uvuguvugu yenye kondishona ya nywele, inalainisha nyuzi ziteleze. Usisuuze sana. Likamue kwa taulo, kisha ulivute taratibu kila upande juu ya mchoro, ulishikilie kwa pini zisizo na kutu, kesho ulivute tena. Utapata nyuma inchi kadhaa, pengine.

Ukitazama usione kishono hata kimoja, uso umekuwa bapa kama blanketi, hapo limeshagandamana na hakuna kondishona duniani italirudisha. Lakini lisitupwe. Kitambaa hicho sasa ukikikata kwa mkasi hakifumuki. Nina mteja anakata soli za kuweka ndani ya gambuti, mwingine anashona glavu za kushikia sufuria. Mwachie paka mkono mmoja.

HesabuKwanza

Na vile vinundu vya manyoya vinavyoota kwapani na ubavuni? Sweta la kaka yangu linavyo, anasema ni dalili ni feki.

MasweterToi

Si feki. Hata cashmere ya bei kali inaota, tena zaidi, kwa sababu nyuzi zake ni fupi na laini na zinajinyonganyonga pale mkono unaposugua ubavu au begi linapopita. Lilaze bapa, likaze kwa kiganja, pitisha wembe mpya ukiwa umelala karibu kabisa na kitambaa, kwa mguso mwepesi, kuelekea upande mmoja. Au kile kimashine kidogo cha betri cha kunyolea nguo. Usivivute kwa vidole, unachomoa uzi mzima. Baada ya kufanya hivyo mara chache vinapungua, zile nyuzi fupi zimeshatoka.

Na pasi, kabla hamjauliza: kitambaa cha pamba kibichi juu ya sweta, pasi iguse na kuinuka, isiburuzwe.

HesabuKwanza

Hujajibu bei ya jioni.

MasweterToi

Jumamosi nafungua robota jipya la masweta ya sufu, saa kumi na mbili unusu asubuhi. Wa kamera wanafika kabla ya hapo. Jioni hubaki yenye vitundu, bei tutaelewana, na uzi wa kuziba nitakupa bure.

BodaKinoo

Niwekee moja nyeusi, namba kubwa. Nitapitia nikimshusha mtu Adams.